Saba na Nusu ya Okka Reemtsen

Kila Jumapili ya kiangazi Okka Reemtsen alirudi nyumbani amenuna, na mumewe Habbo alijua amenuna kabla gari halijasimama, kwa jinsi lilivyokata kona ya banda la ng'ombe. Akisikia matairi yanalia kwenye kokoto, Habbo aliinuka akabandika maji ya chai. Hakuuliza siku imekwendaje. Alimimina chai juu ya bonge la sukari, akadondoshea krimu, hakukoroga, akakaa akangoja.

"Shingo," Okka alisema akiketi.

"Shingo tena?"

"Imekunjwa, pua iko kifuani. Farasi haoni mbele, anaona magoti yake mwenyewe. Na mwenzangu anataka saba na nusu. Saba na nusu, Habbo."

"Wewe ulitaka ngapi?"

"Tano."

"Basi wamekuchukia tena," Habbo alisema, akamsogezea biskuti.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya Jumapili kwa miaka mingi, likibadilika jina la farasi tu. Okka alikuwa mwamuzi wa dresa, ule mchezo wa kumpitisha farasi kwenye uwanja wa mchanga kwa mwendo wa taratibu, kwa mchapuko na kwa shoti, huku waamuzi wakimpa alama kuanzia sifuri hadi kumi. Kanuni za mchezo huo ni za tangu enzi za babu zao na zinasema wazi: shingo ya farasi inyooke kwenda mbele, utosi uwe juu, pua itangulie kidogo. Farasi aliyevutwa kwa hatamu mpaka kidevu kikaingia kifuani anaumia mdomo, anaumia mgongo, hata kama miguu yake ya mbele inarushwa juu kwa madaha na watazamaji wanapiga makofi. Hakuna mwamuzi asiyeijua kanuni hiyo. Ukimwamsha usingizini atakusomea yote. Kuifuata ndiko kulikokuwa na kazi, kwa sababu farasi wa shingo ya kukunjwa ndio waliokuwa wakinunuliwa kwa bei ya kutisha, wenye farasi hao ndio waliofadhili mashindano, na klabu zinazoandaa mashindano ndizo zinazochagua ni mwamuzi gani aitwe. Hapo mtu hahitaji kwenda chuo ili aelewe.

Okka alielewa vizuri sana, ila kichwa chake kilikuwa kigumu. Kichwa hicho ndicho kilichomweka palepale. Alikuwa na ruhusa ya kuamua madaraja ya chini na ya kati. Daraja kubwa, lile la farasi wanaocheza mahali pamoja kama wanakanyaga makaa, alilitazama kutoka nyuma ya kamba pamoja na watazamaji wanaokula soseji. Na daraja kubwa ndilo alilolitaka, maana huko ndiko wengine wote wanakoigia. Alama inayotolewa pale Jumapili, Jumatatu imeshafika kwenye kila banda la farasi kutoka baharini mpaka mji wa Oldenburg, na kila kijana anakaza hatamu au anazilegeza kulingana nayo. Chama cha jimbo hakimpandishi mwamuzi aliyekwisha kutimiza miaka sitini. Okka alikuwa anatimiza sitini Novemba.

Hata alipokuwa mpanda farasi hakufika huko, na haikuwa kwa kukosa uwezo. Baba yake alikuwa fundi wa kwato kwenye shamba la mzee Brunken, na yeye tangu utotoni alipandishwa farasi walioshindikana. Farasi akiuma, akipiga mateke, akimwaga watoto wa matajiri mchangani, mzee Brunken alisema, "Mwiteni binti wa fundi." Okka alikuja na buti za kaka yake, akapanda, akaanguka, akapanda tena. Miezi ikapita, farasi akatulia, akanyoosha shingo, akaanza kumsikiliza. Ndipo mnunuzi alipotokea. Alitengeneza farasi, wakauzwa. Akatengeneza wengine, nao wakauzwa. Hakuna aliyemdanganya kwamba ingekuwa vingine, lakini jambo hilo lilimkata maini kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Wa mwisho alikuwa jike mmoja mwekundu aliyeitwa Feemke. Okka alimfundisha mambo yote ya daraja kubwa, na klabu ikaandikisha majina yao wawili kwenye mashindano ya vuli. Asubuhi moja ya wiki hiyo alifika bandani na ndoo ya karoti akakuta chumba cha Feemke kimeoshwa, kitupu, mlango wazi. Tjark, mtoto wa mzee Brunken, alikuwa ameegemea nguzo anamenya tufaha.

"Amekwenda Denmaki," Tjark alisema. "Umefanya kazi nzuri, Okka. Walimpenda sana."

"Na mimi Jumamosi nipande nini?"

"Si yupo yule kahawia?"

"Yule kahawia hata tandiko hajalijua."

"Basi utakuwa na shughuli," Tjark alisema, akampa kipande cha tufaha.

Okka hakukipokea. Aliacha ndoo palepale, akatoka, na hakupanda tena farasi wa mtu. Ukimwuliza atakwambia alishamsamehe Tjark Brunken siku nyingi. Hajamsamehe. Alipoolewa na Habbo na ng'ombe wake, akasoma uamuzi, akafaulu mtihani wa kwanza na wa pili, alisema anafanya hivyo kwa ajili ya farasi, na ni kweli. Lakini ilikuwapo pia raha ndogo, isiyosemwa mbele ya watu, ya kujua kwamba siku moja Tjark Brunken atapita mbele ya meza yake na kofia mkononi.

Siku hiyo ilifika, na ndiyo iliyomponza. Huko kwao, kwenye daraja la kati, waamuzi wawili hukaa ndani ya gari lililoegeshwa kwenye ncha ya uwanja. Hupiga honi ili mpanda farasi aanze. Akimaliza, hukubaliana alama moja, kisha mmoja wao hushika kipaza sauti na kuieleza mbele ya kila mtu aliyelipa kiingilio. Waamuzi wenye akili husema maneno matamu kwanza, machungu kidogo katikati, matamu tena mwishoni. Siku hiyo kule Westerhamm mwenzake Okka alikuwa na mdomo uliojaa soseji, na alipofaulu kumeza alikuwa amekubali kila kitu ili mabishano yaishe. Okka akashika kipaza sauti.

"Farasi mzuri," alisema. "Bwana Brunken amekaa vizuri. Ila farasi huyu ameonyeshwa kifua chake tangu mwanzo mpaka mwisho, na kifua chake tayari anakijua. Angependa aonyeshwe njia. Tano nukta mbili."

Uwanja mzima ulicheka. Hata mwuza soseji alicheka. Tjark Brunken alivua kofia kama ilivyo desturi, akaivaa, akatoka bila kugeuka.

Tangu hapo simu zilikatika. Brunken hakumtukana mtu, hakuandika malalamiko, alikuwa akifadhili vikombe na mahema, ikatosha kuuliza, "Mmemwita nani mwaka huu?" na kukunja uso kidogo. Westerhamm hawakumwita tena. Wengine wakafuata. Alibakiziwa madaraja ya watoto: vitoto vya miaka minane juu ya farasi vibete wanene kama mapipa, ambao wakichoka husimama katikati ya mchezo na kula nyasi za pembeni. Okka aliwaamua kwa uzito uleule. Mama mmoja alimfuata garini karibu alie.

"Okka, ni mtoto jamani. Ungempa hata sita."

"Mtoto amevuta hatamu kama anafunga mzigo."

"Ana miaka minane!"

"Na mdomo wa farasi una miaka kumi na mmoja, na unauma. Akija na mikono laini nitampa nane."

Mama yule akaenda kueneza habari kwamba Okka Reemtsen anachukia watoto. Ilisemwa hata kwa mwuza mikate.

Kila Machi waamuzi wote wa jimbo hukusanywa kwenye ukumbi, wakaonyeshwa farasi kwenye skrini, wakabishana kuhusu alama. Okka hakukosa mwaka hata mmoja, na kila mwaka alirudi na kichwa kinamgonga. Mwaka uliotangulia, mwenzake mmoja alisimama akamwambia mbele ya watu, "Okka, na wewe siku moja jifunze kuona kizuri," na ukumbi ukapiga makofi. Makofi yale hayakumtoka masikioni. Machi iliyofuata alimwambia Habbo hatakwenda. Ng'ombe mmoja alikuwa karibu kuzaa, ikawa sababu nzuri. Habbo alimwambia ng'ombe huyo alishazaa mara tano bila kuhitaji mwamuzi, lakini Okka alikuwa amekwisha kuvaa buti za zizini.

Basi mambo yaliyosemwa ukumbini mwaka ule hakuyasikia, na kwa kuwa hakuna aliyezoea kumpigia simu, hakuna aliyemwambia.

Mwezi Mei, akiwa anaosha vyombo vya maziwa, simu ililia. Alikuwa Enno Harberts, mwenyekiti wa tume ya waamuzi wa jimbo, mtu mrefu asiyependa maneno.

"Okka, Julai kuna nafasi ya majaribio kwenye mashindano ya kule Lüttenwarf. Daraja kubwa. Utakaa peke yako kwenye kibanda cha kando, utatoa alama zako, sisi tutazilinganisha na za jopo. Ukiwa karibu na jopo, ruhusa unapata siku hiyohiyo."

Okka alifunga bomba la maji.

"Kwa nini mimi?"

"Wakati umefika," Harberts alisema, akakata simu.

Wakati umefika. Okka aliligeuza neno hilo wiki nzima. Akaamua kwamba ni huruma: wamekumbuka umri wake, wameona wampe nafasi moja ya mwisho ili asije akalalamika uzeeni. Huruma ilimwuma kuliko matusi, lakini hakuwa na njia nyingine ya kuchagua.

Tatizo lilikuwa neno lile "karibu na jopo". Alijua jopo litakavyoamua. Alikuwa amelitazama kutoka nyuma ya kamba miaka yote. Alimwendea Swantje, mwalimu wa shule ya msingi mwenye mwandiko mzuri, ambaye ndiye siku zote aliyekaa pembeni yake akiandika alama anazozitamka.

"Nikiandika ninachoona, nimeanguka," Okka alisema.

"Basi usiandike unachoona," Swantje alijibu. "Mara hii moja tu, shoga. Wape wanachotaka. Ukishapata ruhusa, toa hizo tano zako mpaka uchoke, nani atakunyang'anya?"

"Huo si uamuzi, ni kubahatisha."

"Na kukaa na watoto na farasi mapipa ndio uamuzi? Mimi mkono umeniuma kuandika 'farasi anakula nyasi'."

Habbo alikuwa na maoni mengine, na aliyasema akiwa chini ya ng'ombe, ambako ndiko alikosemea mambo mazito. "Sema unachoona. Wewe hujui kusema kingine. Hata mimi uliponikubali ulisema miguu yangu imepinda."

"Nikishindwa?"

"Utarudi umenuna. Nimeshazoea."

Okka aliwasikiliza wote wawili, na usiku wa kuamkia Julai tisa alimchagua Swantje. Roho haikutulia, ila alijikaza. Aliwaza Feemke, aliwaza makofi ya ukumbini, aliwaza kwamba mtu anaweza kuwa na haki maisha yake yote na bado akazikwa nayo.

Lüttenwarf siku hiyo kulikuwa na upepo wa baharini na mvua ya manyunyu inayokuja na kuondoka, hali ya hewa ya kwao. Kibanda cha majaribio kiliwekwa ubavuni mwa uwanja, kioo mbele, kiti kwa Okka, kiti kwa Swantje. Jopo la watu watatu lilikaa kwenye vibanda vyake mbali. Ubao wa alama ulifunikwa, ili anayejaribiwa asichungulie, na kwenye daraja hilo alama zilitolewa kwa kila zoezi. Okka alivaa koti lake la bluu la harusi za watu.

Wa kwanza aliyemgusa moyo alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Hilke Tammen, mkulima kama yeye, juu ya farasi maksai, dume aliyehasiwa, wa kijivu asiye na mbwembwe. Maksai alitembea kama farasi anayekwenda mahali anapopapenda. Shingo ndefu, mdomo umetulia, mgongo unapanda na kushuka. Hatamu zilikuwa laini kiasi kwamba Okka alijikuta anapumua pamoja na farasi. Nane, macho yake yalisema. Kisha akajiuliza: wao wangetoa ngapi? Wao wangesema hana mvuto. Wangesema miguu haipandi.

"Sita na nusu," alimwambia Swantje.

Swantje alimtazama kwa pembe ya jicho, akaandika.

Ikaenda hivyo. Okka hakuwa anawatazama farasi tena, alikuwa anawatazama wenzake watatu ambao hata hawakuonekana. Kila mpanda farasi akiinama kusalimu, yeye alishaanza kukisia nyuso zao. Aligundua kwamba kazi hiyo ni nyepesi ajabu. Hakuna kinachokuumiza. Ukimaliza mmoja, unangoja mwingine. Alianza kuelewa kwa nini wenzake siku zote walitoka kwenye mashindano wanacheka.

Halafu akaingia Tjark Brunken juu ya dume jeusi.

Tjark alikuwa amezeeka vizuri, kama wazeekavyo watu waliolala vya kutosha. Dume lile lilikuwa linang'aa kwa mvua, na watazamaji walinyamaza lilipopita. Miguu ya mbele ilirushwa juu hadi usawa wa kifua. Lakini shingo ilikuwa imekunjwa palepale inapokunjwa siku zote, kidevu kifuani, povu jekundu kidogo kwenye pembe ya mdomo, na mkia ukipiga huku na huku bila inzi. Lilipopita karibu na kibanda, Okka aliliona jicho. Lilikuwa linatazama mchanga.

"Okka?" Swantje aliuliza kwa sauti ya chini. Kalamu yake ilikuwa hewani.

Neno "tano" lilikuwa limeshakaa mdomoni. Miaka yote neno hilo lilitoka lenyewe. Okka alilimeza, na lilishuka kwa shida kama kidonge bila maji.

"Saba na nusu."

"Hakika?"

"Andika, Swantje."

Farasi alicheza mahali pamoja, akageuka kwa mguu wa nyuma, akashika shoti. Saba. Saba na nusu. Saba na nusu. Alipomaliza, Tjark alivua kofia kuelekea jopo, watu wakapiga makofi. Okka alijiambia imekwisha. Akajiambia kwamba mwakani, akiwa na ruhusa mkononi, atamtazama farasi huyohuyo na atasema.

Wapanda farasi wote walipomaliza, spika zikasoma alama za jopo.

Hilke Tammen na maksai wake wa kijivu walitajwa wa kwanza, kwa alama ambazo uwanja ule haukuzisikia siku nyingi. Watu waliguna. Wengine walifikiri msomaji amekosea karatasi. Tjark Brunken alitajwa wa kumi na moja. Hapo mahema ya wafadhili yalilia miluzi, na mtu mmoja alipaza sauti kuuliza kama waamuzi wamelewa. Swantje alifunika mdomo kwa kiganja. Okka alikuwa anasubiri spika iseme samahani.

Haikusema.

Enno Harberts alimwita kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mashindano, ambako kulikuwa na meza, viti viwili na birika la chai iliyopoa. Alikuwa ameshika karatasi za alama za Okka. Akaziweka chini, akavua miwani.

"Okka, sielewi," alisema.

"Jopo limetoa ngapi kwa dume jeusi?"

"Tano. Wote watatu, tano na kitu. Si tulikubaliana Machi? Kanuni kama ilivyo, shingo ikikunjwa hakuna kupita tano. Watu wamechoka, video zile za majira ya baridi, za farasi wanaotoka damu mdomoni, zimetuaibisha mpaka mjini. Tulisema mwaka huu tunaanza, na atakayenuna anune."

"Machi sikuja," Okka alisema. "Ng'ombe alikuwa anazaa."

"Najua hukuja. Sikuona haja ya kukwambia. Kukwambia nini wewe?" Harberts alisugua macho. "Nilisimama pale mbele yao nikasema: yupo mtu mmoja jimboni aliyekuwa akitoa alama hizi tangu zamani, na sisi tulikuwa tunamcheka. Nikasema huyo ndiye ninayemtaka juu. Kuna waliopinga. Nikawaambia, mtamwona Julai."

Okka alikaa.

"Leo uliona nini?" Harberts aliuliza.

"Niliona shingo. Niliona damu mdomoni."

"Na yule wa kijivu?"

"Nane. Nilimwona nane."

"Basi hizi za nani?" alisema akigusa karatasi. Hakusema kwa ukali, na hapo ndipo ilipouma. "Mtu asiyeona nitamfundisha. Nina vijana wengi hawaoni, ninawafundisha. Mtu anayeona halafu akasema kingine, mwenzangu, nimfanye nini?"

Okka alikuwa na hotuba nzima ndani yake, ya Feemke, ya Westerhamm, ya makofi, ya miaka ya farasi mapipa, na yote ilikuwa ya kweli, na hakuna hata sehemu moja iliyojibu swali.

"Mwakani?" aliuliza.

"Novemba unatimiza sitini, Okka."

Harberts alivaa miwani, akakusanya karatasi kwa uangalifu, akamshika mkono kwa nguvu, akatoka. Mlango aliuacha wazi kidogo, na kupitia hapo ulisikika wimbo wa tarumbeta wanaompigia mshindi. Okka aliusikiliza mpaka mwisho. Alitaka kumwonea wivu Hilke Tammen akashindwa. Alichoweza kukiona ni ile sita na nusu yake kwenye mwandiko mzuri wa Swantje.

Alitoka kwa mlango wa nyuma ili asikutane na mtu. Swantje alikuwa ameenda kuleta gari, na Okka alisimama kwenye majani yaliyolowa ambako magari ya kubebea farasi yameegeshwa, mikono mfukoni, na hasira ambayo hakuwa na mtu wa kumtupia. Angekuwa na mtu ingekuwa nafuu. Kwa miaka mingi alikuwa na watu wengi wa kuwakasirikia, na wote kwa pamoja, siku hii hii, walikuwa wamefanya alichowaambia.

"Okka."

Alikuwa Tjark Brunken. Buti bado zina matope, nywele zimelowa, kikombe cha kahawa mkono mmoja na karatasi mkono mwingine. Huko kwao alama za majaribio hazina siri. Mpanda farasi akiziomba ofisini, anapewa. Okka aliitambua karatasi kabla Tjark hajaisogeza.

"Nilikwenda kuwafokea," Tjark alisema. "Wakanipa hizi za jopo, halafu yule binti wa ofisini akaniambia kuna na za majaribio, kama nitapenda. Nikasema lete. Nikaona jina lako nikasema, ah, hapa nimekwisha." Alicheka kidogo, akatikisa kichwa. "Saba na nusu. Nimezisoma mara mbili."

Nyuma ya Tjark dume jeusi lilikuwa limefungwa kwenye gari, limeshavuliwa lijamu, limeshusha kichwa, linasugua pembe ya mdomo kwenye goti lake, taratibu, upande uleule, tena na tena.

"Miaka yote nilikuona mtu wa kinyongo," Tjark alisema. "Tuseme ukweli, sisi ni watu wazima. Nilidhani unanilipizia yule jike mwekundu. Nimekosa. Katika waamuzi wote waliokaa leo, wewe peke yako ndiye uliyemwona farasi wangu." Akanyoosha mkono. "Nitawaambia Westerhamm wakuite. Na wengine pia. Mambo yale ya watoto hayakufai mtu kama wewe."

Okka aliutazama mkono ule. Alikuwa na la kumwambia. Alikuwa nalo tangu asubuhi, tangu Westerhamm, tangu chumba kitupu kilichooshwa: farasi wako anaumia, Tjark, mtazame mdomo. Maneno manne matano tu, na farasi mwenyewe alikuwa pale anaonekana. Lakini karatasi ilikuwa mkononi mwa Tjark, imekunjwa vizuri ili mvua isiiharibu, na kila mstari wake ulikuwa umeandikwa kwa maneno ya Okka mwenyewe.

Swantje alipiga honi kutoka barabarani.

"Asante, Tjark," Okka alisema, akaupokea mkono wake.